Sura ya Tano: Albamu na Hewa ya Pwani

Stempu za kwanza kubeba jina la Zanzibar hazikutengenezwa kwa ajili ya hewa ya Zanzibar. Zilikuwa stempu za India, zilizochapwa London na kampuni ya De La Rue, na mnamo Novemba 1895 ziligongwa neno "Zanzibar" juu yake zikaanza kuuzwa posta ya Unguja. Mwaka uliofuata zikaja stempu za nchi yenyewe, zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, nazo pia kazi ya De La Rue. Karatasi, wino na gundi vyote vilichaguliwa na watu waliozoea baridi ya Uingereza. Sultani alifariki Agosti 25, 1896, siku mbili kabla ya vita vya Uingereza na Zanzibar, vilivyodumu chini ya saa moja. Stempu zake ziliendelea kuuzwa, na baadhi zimo hadi leo kwenye albamu za wakusanyaji.

Tangu hapo kila mkusanyaji wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, amerithi tatizo lile lile: anatunza karatasi nyembamba yenye gundi mahali ambapo hewa, kwa miezi kadhaa ya mwaka, imejaa maji. Wengi huanza kwa kuficha. Albamu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko huingizwa kwenye sanduku la bati, na sanduku husukumwa chini ya kitanda. Miaka inapita. Siku sanduku linapofunguliwa, kurasa hazitaki kuachana.

Aliyelifunga alikuwa na nia njema, ila alifunga na unyevu ndani. Mkusanyo hudumu mikononi mwa mtu anayeijua hewa inayouzunguka na anayeufungua mara kwa mara. Sura hii inahusu namna ya kuijua hewa hiyo, na namna ya kuishi nayo.

Gundi iliyoumbwa kulainika

Kwa miongo mingi gundi ya stempu ilitokana na utomvu wa migunga, ambao sehemu kubwa yake ilivunwa Sudan. Ilipakwa nyuma ya karatasi ikiwa majimaji, ikakauka, ikasubiri ulimi wa mtu mwenye barua. Sifa yake ndiyo udhaifu wake: imeumbwa ilainike inapopata unyevu kidogo. Hewa ya Aprili inaweza kufanya kazi ya ulimi, polepole, usiku baada ya usiku, mpaka stempu ikashikamana na ukurasa au na jirani yake. Uingereza ilianza kutumia gundi ya viwandani kwenye stempu zake mwaka 1968. Gundi hiyo hustahimili zaidi, lakini nayo haipendi joto na unyevu vikikutana.

Kwa mkusanyaji hili si jambo dogo. Stempu ya zamani ambayo haijatumika, yenye gundi yake ya asili isiyoguswa, huweza kuuzwa kwa bei inayoizidi mara kadhaa ndugu yake iliyopoteza gundi. Uso unaweza kubaki mzuri kabisa, rangi iking'aa, huku thamani imeondokea nyuma.

Baadhi ya posta zilikata shauri mapema. China ilitoa stempu nyingi bila gundi, na Macau, mji wa joto na ukungu wa bahari, ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Mteja alipaka gundi mwenyewe dirishani. Mkusanyaji wa leo anayezishika stempu hizo anashika kitu chenye hatari moja pungufu.

Stempu zilizotumika nazo zina unafuu huo, na mfano mashuhuri kuliko yote umetoka nchi ya joto. Mwaka 1856 British Guiana ilipungukiwa stempu zilizotarajiwa kutoka London, ikachapa zake hapo hapo. Moja ya senti moja, kwenye karatasi ya rangi ya magenta, iligongwa mhuri wa Demerara. Mwaka 1873 mvulana wa miaka 12, Vernon Vaughan, aliikuta kwenye karatasi za familia na kuiuza kwa shilingi sita. Mnamo Juni 2014 iliuzwa New York kwa dola milioni 9.48 za Marekani. Pembe zake zimekatwa, uso wake umechakaa, lakini ilivuka miaka 17 ya hewa ya Guiana pasipo albamu wala kipimo chochote. Ilikuwa imeshatumika, kwa hiyo sehemu iliyo dhaifu kuliko zote haikuwapo tena.

Madoa yanayoanzia kwenye meno

Gundi ikinusurika, karatasi ina adui wake. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, na karatasi ya stempu pamoja na gundi yake ni chakula chao. Zinachosubiri ni maji. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, na hewa ikiwa imetulia, huanza kuota. Katika miji ya pwani kiwango hicho si tukio la dharura. Asubuhi nyingi za masika hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Unguja hupanda kwa urahisi kupita asilimia 80.

Dalili ya mwanzo ni ndogo. Mkusanyaji akiinua stempu kwa kibanio na kuitazama dhidi ya karatasi nyeupe, ataona ncha za meno ya kingo zake zimegeuka rangi ya chai. Pale karatasi ilipochanwa nyuzi zake ziko wazi, na ndipo unyevu unapoingilia. Baadaye huja madoa ya kahawia yaliyotawanyika usoni, ambayo wakusanyaji wengi huyaita kutu ingawa kuvu huhusika mara nyingi. Yakishaingia ndani ya nyuzi, hakuna njia salama ya nyumbani ya kuyaondoa. Dawa za kung'arisha hula karatasi yenyewe.

Wadudu hufuata unyevu huo huo. Chawa wa vitabu, ambao ni vigumu kuwaona bila kioo cha kukuzia, hula kuvu. Wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia taa inapowashwa hukwangua uso wa karatasi na kula gundi. Mende hawachagui. Kuwafukuza kwa naftalini ni kuongeza tatizo, maana mvuke wake huweza kushambulia baadhi ya plastiki zinazoshika stempu. Chumba kikipunguzwa unyevu, wengi wao hukosa sababu ya kukaa.

Chumvi, kizibo na mfuko wa plastiki

Kazi yote ya kutunza huanza na namba. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali hakina bei kubwa na huuzwa madukani au mitandaoni, lakini vingi vya bei nafuu hukosea kwa asilimia kadhaa. Mtu anayeamini kipimo kinachosoma 55 wakati hewa iko 65 anaotesha kuvu huku moyo umetulia.

Kuna njia ya kukipima kipimo chenyewe, na vifaa vyake vimo jikoni. Chumvi ya mezani iliyosafishwa hutiwa kwenye kizibo cha chupa ya maji, kisha matone machache ya maji yanaongezwa mpaka iwe uji mzito, si majimaji. Kizibo na kipimo huwekwa pamoja ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, bila kugusana, mahali ambapo joto halibadiliki sana. Viachwe hivyo kwa saa 12 hadi 24. Hewa ndani ya mfuko ule itatulia kwenye asilimia 75, kwa kuwa chumvi iliyolowa huivuta hapo kwa sheria ya maumbile. Kipimo kikisoma 70, kinapunguza tano. Kikisoma 79, kinazidisha nne. Tofauti hiyo iandikwe kwa kalamu mgongoni mwa kipimo.

Jaribio hilo linaeleza pia jambo ambalo kila jiko la pwani linalijua. Chumvi ndani ya kopo inapoanza kulowa yenyewe, hewa ya nyumba imefika karibu na asilimia 75, na stempu zilizo chumba cha pili zinapumua hewa ile ile.

Kwa mikusanyo ya karatasi, wahifadhi wa nyaraka kwa kawaida hulenga unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Kwa nyumba ya pwani isiyo na mitambo ya makumbusho, lengo la busara ni karibu asilimia 50 ndani ya sanduku, na 60 iwe mpaka usiovukwa. Kuteremka mno nako kuna gharama. Hewa ikikauka chini ya asilimia 30 hivi, gundi ya zamani huanza kupasuka mistari, na stempu hujikunja kwa kuwa karatasi na gundi havisinyai kwa kipimo kimoja. Kwa sababu hiyo kupanda na kushuka kila siku kunaweza kuumiza kuliko namba moja isiyo kamilifu lakini iliyotulia.

Kiyoyozi kinapogeuka

Wengi huona kiyoyozi kuwa jibu la yote. Ni kweli hukausha hewa kikiwa kinafanya kazi. Hatari iko kwenye kuvuka mlango.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke wa maji. Ikiwa unyevu ni asilimia 75, hewa hiyo ina gramu 23 hivi. Sasa chukua albamu iliyokaa kutwa kwenye chumba cha nyuzi 22, uitoe barazani kumwonyesha mgeni. Hewa inayougusa ukurasa ule wa baridi hupoa, na kwa nyuzi 22 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 19. Kilichozidi hugeuka maji papo hapo, juu ya plastiki na juu ya stempu. Miwani hufunikwa na ukungu kwa sababu hiyo hiyo mtu anapotoka kwenye gari lenye kiyoyozi.

Wazanzibari wenye asili ya Oman waliohamia Muscat wanakutana na hali hiyo kwa ukali zaidi: kiangazi cha pwani ya Ghuba ni cha joto na unyevu, na nyumba ndani zimepoa usiku na mchana. Mkusanyo wa familia unaosafiri kati ya Unguja na Muscat huvuka mpaka huo mara nyingi kuliko mipaka ya nchi.

Ulinzi wake ni rahisi. Albamu ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa bado ndani ya chumba baridi, itolewe ikiwa imefungwa, na iachwe hivyo mpaka ipate joto la mahali ilipo. Albamu nene huhitaji saa kadhaa. Maji yatajitengeneza nje ya mfuko, ambako hayana madhara.

Mahali pa kuweka

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo zina vinyweleo na hushika unyevu kwa muda mrefu. Vidaka vyake vilivyonakshiwa vinapendeza vikiwa na sahani za kaure, lakini albamu ikiwekwa humo inakuwa imeegeshwa kwenye ukuta wenye maji. Hata kwenye nyumba ya matofali, kabati lisigusane na ukuta wa nje. Nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma yake huiacha hewa ipite. Sakafu ni hatari kwa mafuriko, na juu kabisa, chini ya bati, joto la mchana ni kali mno. Rafu ya katikati, kwenye chumba cha ndani kisichopakana na bafu wala jiko, ndiyo inayofaa.

Albamu zisimame wima kama vitabu, zisibanwe. Zikilazwa moja juu ya nyingine, uzito wa zile za juu hukandamiza gundi za zile za chini, na unyevu kidogo tu unatosha kuzigandisha.

Plastiki nayo ichaguliwe. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, hutoa kemikali zinazofanya stempu inate na wino wake kuhama. Poliesta na polipropilini hazina tabia hiyo. Karatasi laini ya glasini inafaa kutenganisha kurasa, lakini yenyewe hunyonya unyevu na huchakaa, hivyo ibadilishwe inapogeuka njano.

Kwa stempu chache zenye thamani kubwa, njia inayofanya kazi kuliko zote pwani ni sanduku la plastiki ngumu lenye mfuniko wa mpira, lile la kuhifadhia vyakula, likiwa na silika ndani. Punje za silika hunyonya maji yanayofikia robo hadi theluthi ya uzito wake. Zikishiba hazifanyi kazi tena, na hapo ndipo wengi hukwama: vipakiti vidogo vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu vilikuwa vimeshiba kabla havijaingia kwenye albamu. Punje hizo zikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, zikiwa nje ya pakiti, kisha zipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Zipo zenye rangi inayoonyesha hali yake. Za buluu zinazogeuka waridi zina kloridi ya kobalti, kemikali yenye sumu, kwa hiyo ni bora kuchagua za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani.

Silika isiguse stempu, na kipima unyevu kiwe ndani ya sanduku, si nje. Silika nyingi kwenye sanduku dogo huweza kushusha unyevu mpaka gundi ikapasuka. Mchele, ambao wengine huutegemea, hunyonya kidogo sana na huwaita fukusi.

Kilichofanyika Port Louis

Mwaka 1847 Mauritius, kisiwa kingine cha Bahari ya Hindi, kilichapa stempu mbili zenye maneno "Post Office": moja ya peni moja, nyingine ya peni mbili ya rangi ya buluu. Kila aina ilichapwa nakala 500, na zinazojulikana kubaki ni 27 kwa jumla. Mwaka 1993 kundi la kampuni za Mauritius, likiongozwa na benki ya MCB, lilinunua mbili kati ya hizo kwa zaidi ya dola milioni mbili ili zirudi nyumbani. Tangu 2001 zimo kwenye jumba la makumbusho la Blue Penny, bandarini Port Louis. Kwa kuwa mwanga nao huumiza wino, stempu zenyewe humulikwa kwa dakika chache tu kwa wakati, na muda uliobaki wageni hutazama nakala.

Mkusanyaji wa nyumbani anaweza kuiga hilo bila gharama. Akizipiga picha nzuri stempu zake, mbele na nyuma, wageni watazame picha, na zile za asili zifunguliwe kwa ajili ya ukaguzi. Picha za nyuma zina faida ya ziada: mwaka unaofuata zitaonyesha kama gundi imebadilika.

Madhara yakishatokea

Jambo la kwanza analofikiria mtu wa pwani akiona kitu kimelowa ni kukianika juani. Kwa stempu, jua hupausha wino na kukunja karatasi kabla halijakausha chochote. Albamu yenye ukungu itengwe na nyingine, ifunguliwe kwenye chumba chenye kivuli, feni ikizungusha hewa bila kuielekea. Ukungu usifutwe ukiwa mbichi, kwa kuwa kufuta kunausambaza. Ukishakauka kabisa ndipo hupigwa kwa brashi laini, nje ya nyumba, anayefanya kazi akiwa amevaa barakoa.

Stempu zilizogandamana zisivutwe. Wakusanyaji hutumia kisanduku cha unyevu: sponji iliyolowa chini, wavu wa plastiki juu yake, stempu juu ya wavu pasipo kugusa maji, mfuniko ukiwa umefungwa. Hukaguliwa kila nusu saa. Ukingo ukianza kunyanyuka wenyewe, kibanio humalizia kazi, na stempu hukaushwa gundi ikitazama juu.

Kuloweka kwenye maji ni jambo jingine, na kuna stempu zisizopaswa kabisa kuingia majini. Nyingi za makoloni ya Uingereza zilizochapwa na De La Rue kwa rangi za zambarau na kijani zilitumia wino uliotengenezwa uyeyuke, ili mtu asiweze kuosha mhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Maneno yaliyogongwa juu ya stempu nayo ni wino. Stempu za Zanzibar za 1961, zenye picha ya Sultani Abdulla bin Khalifa, ziligongwa kwa mkono maneno "JAMHURI 1964" mara baada ya Mapinduzi ya Januari 12. Maneno hayo ndiyo historia na ndiyo bei yake. Mkusanyaji makini haloweki kitu ambacho hajui wino wake.

Kalenda ya mwaka

Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, ndio wakati wa kujiandaa: silika ikaushwe, kipimo kipimwe kwa chumvi, kurasa zote zikaguliwe. Masika yakiingia Machi, kipimo kisomwe kila wiki bila kulifungua sanduku pasipo sababu. Panapokuwa na sababu, saa zina maana. Unyevu wa hewa hufika juu kabisa kabla ya alfajiri na kushuka chini kabisa kati ya saa sita na saa tisa mchana. Usiku wa mvua si wakati wa kupanga stempu.

Kipupwe, kuanzia Juni, hewa ya pwani ni ya ubaridi na ukavu zaidi. Hapo albamu zifunguliwe kweli, ukurasa kwa ukurasa, ziachwe zipate hewa. Anayeishi Nairobi asijione amesalimika, kwa kuwa Juni na Julai huko ni miezi ya mawingu na baridi inayoleta unyevu wake. Kabla ya vuli, mwezi Septemba, silika ikaushwe tena.

Mikusanyo mingi hupotea baada ya mwenyewe kufariki au kuhama, pale ambapo hakuna mwingine aliyejua kwamba ilihitaji kufunguliwa. Kwa hiyo kila albamu iwe na ukurasa mmoja wa mbele kwa ajili ya mrithi: silika ilikaushwa lini, kipimo kinazidisha au kupunguza kiasi gani, ni stempu zipi zisiguse maji, na nani aifungue mwenye albamu asipokuwapo. Ukurasa huo uandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hutapakaa karatasi ikipata unyevu, na kila ukaguzi uongezwe mstari wenye tarehe, asilimia iliyosomwa na jina la aliyesoma.